Mwezi ulipogeuka kaa la moto, mpwa wangu akanibana maswali (uzi mrefu, kaeni na kahawa)

Ami wa Kibokoni

Assalam aleikum wanajamvi, na wasio wa salamu hiyo habari za jioni. Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa nlikuwa Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, na mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ana miaka kumi na moja na mdomo haufungiki. Tumekaa pale tunakula mihogo na pilipili ya ndimu, watu wamejaa, kila mtu simu juu. Ilipogonga saa mbili u nusu mwezi ukawa umeshamezwa wote, na badala ya kupotea ukawa mwekundu. Si mwekundu wa damu kama watu walivoandika kwenye masteto yao, mie niliuona kama kaa kwenye jiko linaloanza kushika jivu, huku ukingoni bado lang'ara kidogo. Nyuma yetu watu wanatoka kuswali swala ya kupatwa, wengine wanapiga selfi, basi ndo Mombasa hiyo.

Mtoto akaanza. Ami, kama ni kivuli cha dunia mbona si cheusi? Hiyo nikajikakamua. Nikamwambia jua liko nyuma ya dunia, lakini dunia ina hewa pembeni kote, mwanga unapita kwenye ile hewa unapinda kidogo unaingia kivulini, na katika kupita huko rangi ya buluu inatawanyika, inayobaki ni nyekundu, ni ile ile ya jua likizama kule Mtwapa kriki. Akakubali.

Akauliza tena, ile nyota ya manjano chini ya mwezi ni gani. Nikasema Zohali, kwa sauti ya mtu ajuaye. Akanigeukia akasema hapana ami, kitabu changu kimeandika Sarateni. Nikanyamaza. Kisha akaja na la tatu, watu wameshafika wapi huko juu? Nikasema mwezini. Na baada ya hapo? Nikasema, eeh, mwezini tu. Akasema hamsini na ngapi miaka na hawajasonga mbele? Akaniangalia vile mtu anavomwangalia fundi alochukua pesa ya dauni akapotea.

Basi nauliza wenye ilimu. Zohali au Sarateni? Na huyu mtoto nimpe jibu gani la maana?

Mwalimu Mstaafu

Waaleikum salaam. Ami umesema kweli na mtoto pia hana kosa, kosa ni la vitabu.

Majina ya sayari tuliyopokea kwa wazee wetu, wale manahodha na wanajimu, ni matano, kwa sababu kwa macho matupu zinaonekana tano: Utaridi (Mercury), Zuhura (Venus), Mirihi (Mars), Mshtarii (Jupiter), Zohali (Saturn). Haya yote ni ya Kiarabu yakaingia kwetu zamani sana. Uranus iligunduliwa 1781 kwa darubini, Neptune 1846, kwa hiyo hakuna mzee wa Lamu wala wa Pate alozipa jina, hangeweza, hakuziona.

Sasa watunzi wa vitabu walipotaka kujaza nafasi nane (wakati huo tisa) wakachota majina ya buruji, yaani makundi ya nyota, wakayapachika. Sarateni si sayari kabisa, ni buruji ya kaa, huyo kaa wa baharini mwenye magando, na ndiyo asili ya neno saratani ule ugonjwa. Kausi ni upinde, buruji nyingine, wao wakampa Neptune. Zohali maskini akahamishwa nyumba akawekwa kwa Uranus. Zebaki nayo ni ile madini ya majimaji ya kwenye kipimajoto, wakaitafsiri moja kwa moja wakati Utaridi lipo limekaa tu. Mtoto wako mwambie akiwa kwenye mtihani aandike la kitabu apate maksi, akiwa Mama Ngina aseme Zohali.

Fundi Simu Kongowea

😂😂 mwalimu umeua. Kumbe Zohali kafukuzwa kwake kama mpangaji.

Halafu Ami hiyo nyota ulobahatika kuiona, mie nilikuwa na darubini ya mteja alokuja kurekebishiwa kikalio chake (nilimrudishia msijali), nikaielekeza pale Zohali. Nlitarajia zile pete kama kwenye picha. Wapi! Niliona kitone na mstari mwembamba kama sindano imepenya tungule. Nikadhani nimeharibu kioo cha watu. Kumbe mwaka 2025 pete zililala upande, tulizitazama kwa ukingo, inatokea kila baada ya miaka kama 15 maana Zohali inachukua karibu miaka 29 na nusu kuzunguka jua. Pete zenyewe ni pana mno, lakini unene wake sehemu nyingi ni mita kumi hivi, yaani ghorofa tatu. Barafu tupu, vipande vya kila saizi, kutoka punje ya chumvi hadi nyumba nzima.

Sijashawishika

Nyie mnaongea mapete hapa na hata huo mwezi wazungu hawakufika. Bendera inapepea kusiko na upepo, hebu mtu anijibu.

Bi Kashata

Haya, huyo kafika. Nilikuwa nahesabu nikasema kabla ya koment ya kumi atakuja.

Nahodha wa Nchi Kavu

Bro Sijashawishika nakujibu kwa heshima. Ile bendera ilikuwa na fimbo juu imelala mlalo, walijua hakuna upepo wakaitengenezea fimbo ili isinywee. Ilitikisika kwa kuchomekwa, na kwa vile hakuna hewa ya kuizuia ikaendelea kutikisika kidogo zaidi ya vile ungetegemea.

Lakini achana na bendera. Mwaka 1969 Marekani na Warusi walikuwa mahasimu wa kufa mtu. Warusi ndo waliotangulia kila kitu, setilaiti ya kwanza 1957, mtu wa kwanza Gagarin tarehe 12 Aprili 1961 akazunguka dunia kwa dakika 108, mwanamke wa kwanza Tereshkova 1963. Walikuwa na mitambo yao ya kusikiliza. Unadhani jirani yako mnayegombania mpaka wa kiwanja, umdanganye umejenga ghorofa na hujajenga, atanyamaza? Angeita mtaa mzima.

Na walipokwenda waliacha vioo. Safari za Apollo 11, 14 na 15 kila moja iliacha paneli ya vioo vidogo, mpaka leo wanasayansi wanapiga leza kutoka duniani inagonga kule inarudi kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kwa vioo hivyo ndo tumejua mwezi unajitenga na sisi sentimita 3.8 kila mwaka.

Sijashawishika

Sentimita 3.8 nani kapima, na futi kamba?

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimekwambia leza ndugu yangu 🤦🏾

Mvuvi Mtongwe

Mie kusoma sikusoma sana lakini mwezi naujua kuliko nyote humu, maana ndio bosi wangu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye, maji ni ya bamvua. Yajaa mpaka yakalamba ngazi, yapwa mpaka mwamba wote uko nje, kina mama washuka na vyuma kutafuta pweza. Hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa saa kumi kumi alasiri na tena alfajiri, hupwa saa nne au tano asubuhi, siku zote, babu yangu alijua hivo na babu yake. Ukimwona mtu wa Mombasa auliza maji yapwa saa ngapi basi huyo ni mtu wa bara alohamia. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayendi wala hayarudi, ukitupa nyavu waona uvivu mtupu.

Kila siku yachelewa kama dakika hamsini kwa sababu mwezi nao wachelewa kuchomoza kiasi hicho hicho.

Swali langu, mbona bamvua ni mara mbili kwa mwezi na si mara moja? Mwezi mwandamo ni mmoja.

Mwalimu Mstaafu

Mzee wangu Mvuvi swali zuri sana. Ni kwa sababu jua nalo linavuta, ila nguvu yake kwenye maji ni pungufu ya nusu ya ile ya mwezi, liko mbali. Mwezi ukiandama, jua na mwezi wako upande mmoja wavuta pamoja. Ukiwa mpevu wako pande mbili kinyume, lakini bahari inavimba pande zote mbili za dunia, ule unaoelekea mwezi na ule wa nyuma yake, kwa hiyo bado wanasaidiana. Ukiwa nusu kila mmoja avuta upande wake, wanapunguzana, ndiyo maji mafu yako.

Ami wa Kibokoni

Jamani nashukuru lakini mnanipotosha, swali la tatu bado. Mtoto amekuja leo tena. Nimpe nini kuhusu kwenda mbali? Anataka kujua kwa nini Mirihi hawaendi.

Nahodha wa Nchi Kavu

Hii nimeipigia hesabu kitambo nikiwa kwenye treni nimeboeka Voi. Chukua treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi, kilomita 120 kwa saa, usisimame Mtito Andei wala popote, tandika reli mpaka juu.

Kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu yetu. Saa tatu na ushee umefika! Yaani wale watu kule wako karibu na sisi kuliko Nairobi, ila wao wanakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa, wanazunguka dunia nzima kwa dakika 90. Huko kumekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000.

Mwezi, kilomita 384,400, hiyo ni siku 133 ndani ya treni mchana na usiku. Miezi minne na nusu na ule mkate wao wa kwenye boksi.

Mirihi inapokuwa karibu kabisa, kilomita milioni 55, ni miaka 52. Ukipanda na huyo mpwa wako wa miaka kumi na moja akishuka ana sitini na tatu. Neptune zaidi ya miaka 4,000, hapo tusiongee.

Sasa kila mara tunasema "anga za juu" kana kwamba ni sehemu moja. Wanaanga wote tangu 1972 mpaka 2025 walikuwa wakizunguka hapo Voi. Waliofika mwezini mpaka 2025 ni Wamarekani tu, safari zile za 1968 hadi 1972, na waliokanyaga ni 12, wa mwisho Desemba 1972. Mtoto hajakosea kushangaa. Waliacha si kwa kushindwa, ni pesa, na yale mashindano na Warusi walikuwa wameshayashinda. Mashine tu ndo zimesonga mbele.

Mvuvi Mtongwe

Na huko Mirihi kwa chombo chao cha haraka ni muda gani?

Nahodha wa Nchi Kavu

Mzee miezi saba hivi. Lakini hapa ndo patamu na weye ndo utaelewa kuliko vijana. Hawawezi kuondoka siku wanayotaka. Dunia na Mirihi zote zinazunguka jua kwa mwendo tofauti, zinapata mkao mzuri mara moja kila miezi 26. Ukikosa dirisha hilo unangoja lingine.

Mvuvi Mtongwe

Ah! Huo ni msimu.

Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja hapa bandari ya kale na upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, yashusha tende na mazulia na halua. Na kurudi huwezi mpaka kusi lianze, Aprili kuendelea. Alochelewa kusi kapigwa na bahari chafu, ama angoje. Nahodha akaa miezi hapa, akodi nyumba, wengine wakaoa kabisa ndo akina sisi tukazaliwa. Kwa hivo mtu akienda Mirihi nako itabidi akae angoje upepo wa kurudi?

Nahodha wa Nchi Kavu

Hivo hivo mzee. Miezi saba kwenda, akae kule mwaka na miezi kadhaa mpaka dunia irudi kwenye mkao, kisha miezi saba nyingine. Karibu miaka mitatu safari nzima. Na kule hakuna wa kuoa wala wa kukukodishia nyumba, hewa yenyewe ni kaboni dayoksaidi nyepesi nyepesi, pungufu ya asilimia moja ya mgandamizo wa huku, joto la usiku linashuka chini ya sifuri kwa makumi ya digrii.

Ami wa Kibokoni

Hiyo ya msimu nimeipenda, mtoto nitampa hiyo. Mzee Mvuvi Allah akuhifadhi.

Bi Kashata

Nyie wanaume mmesahau jambo la msingi, miaka mitatu watakunywa nini? Mie kwetu mtungi wa lita ishirini wa mkokoteni ukichelewa asubuhi nyumba nzima yasimama. Nilisoma kule kwenye kituo cha anga maji wanasafisha ya jasho, ya pumzi na, samahani kama mnakula, ya mkojo. 2023 walifikia kurudisha kama asilimia 98. Kuna mwanaanga wao akisema kahawa ya leo ndo itakuwa kahawa ya kesho.

Na mifupa nayo. Kule hamna uzito basi mwili waona mifupa ya nini, yaanza kuyeyuka asilimia moja hivi kila mwezi ile ya nyonga na mapaja, ndo maana wafanya mazoezi saa mbili kila siku wamejifunga na mikanda kama punda wa Lamu. Miaka mitatu! Mimi nisingemruhusu wangu.

Kijana wa Madrasa

Mie nauliza la dini, msinicheke. Kama wanazunguka dunia kwa dakika 90, jua linachomoza mara 16 kwa siku. Swala ni ngapi?

Mwalimu Mstaafu

Hakuna wa kukucheka, swali hilo lilishakaa mezani kwa mashekhe. Mwaka 2007 Malaysia ilimtuma mwanaanga wake Sheikh Muszaphar, na ilikuwa ndani ya Ramadhani, basi wanazuoni wao wakakaa wakaandika mwongozo kabisa. Swala ni tano kwa saa 24, unafuata saa za mahali ulipopandia roketi. Kibla kadiri ya uwezo, ukiweza elekea Kaaba, usipoweza elekea dunia, usipoweza popote. Kufunga anaweza kuahirisha akalipa akirudi.

Kabla yake alitangulia mwana wa mfalme wa Saudia, Sultan bin Salman, Juni 1985. Na 2023 Sultan Al Neyadi wa Imarati kakaa nusu mwaka na akatoka nje ya chombo.

Kijana wa Madrasa

Jazakallah khairan mwalimu.

Mtoto wa Ngomeni

Nimesoma uzi wote huu nangoja nione kama kuna mtu atataja kwetu. Hakuna! Mmekwenda Mirihi, mmekwenda Malaysia, na roketi zimepaa hapa hapa pwani.

Ngomeni, pale kaskazini ya Malindi, baharini kuna majukwaa ya chuma yalosimama kwa miguu kama meza. Ni ya Waitaliano, mradi wa San Marco. Moja la kurushia, lingine linaitwa Santa Rita la kuongozea. Roketi ya kwanza ya kupandisha setilaiti ilipaa tarehe 26 Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988, zote tisa za aina ya Scout, za Marekani. Babangu alikuwa kijana wa kupeleka samaki na madafu kambini, alikuwa akitusimulia kuwa siku ya kurusha wavuvi walikatazwa kutoka, wakakaa ufuoni wamefunga masikio na mbuzi wote wakakimbilia msituni.

Ile kubwa ni ya tarehe 12 Desemba 1970. Siku ya Jamhuri, miaka saba tangu uhuru. Setilaiti ilokuwa ndani ikapewa jina Uhuru, jina la Kiswahili hasa, kwa heshima ya nchi ilikopandia. Ilikuwa ya kwanza duniani kujengwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota. Hizi eksirei hewa yetu huzizuia, ukiwa chini huzioni, lazima upande juu. Ikaorodhesha vyanzo 339. Kimoja kati ya ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ndicho kilikuja kukubalika kuwa shimo jeusi, la kwanza watu kulishika mkono. Giacconi alokuwa kiongozi wa kazi ile akapata Nobeli 2002.

Mkiingia kitabu chochote cha unajimu cha dunia mtakuta neno "Uhuru" limeandikwa vivo hivo. Na humu ndani watu wanane wameongea hakuna alojua.

Fundi Simu Kongowea

We! Na kwa nini walikuja Ngomeni kwani Italia hakuna bahari?

Mtoto wa Ngomeni

Ipo lakini haiko ikweta. Dunia inazunguka, na mtu aliyesimama ikweta anasukumwa mashariki kilomita 1,670 kwa saa bila kujua. Roketi ikirushwa mashariki inaanza na mwendo huo wa bure, kama vile unavoruka kutoka matatu inayotembea (msifanye). Ngomeni iko digrii tatu tu kusini ya ikweta. Na mashariki yake ni bahari tupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu. Florida wao wako digrii 28, wanapata kidogo zaidi ya 1,460. Tena ukirusha kutoka ikweta chombo kinazunguka juu ya ikweta, kinakwepa sehemu zenye mionzi mingi, kwa setilaiti ya eksirei hiyo ni kama kupika jikoni kusiko na moshi.

Nahodha wa Nchi Kavu

Halafu sasa cheki kichekesho. Setilaiti yetu ya Taifa-1, ya Kenya, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Sisi wenye ikweta tumepeleka mzigo wetu digrii 34 kaskazini tukapanda lifti ya watu.

Mtoto wa Ngomeni

Usinitie uchungu.

Nahodha wa Nchi Kavu

Subiri nikuongezee. Voyager 1 unaijua, ilorushwa 1977, ndo kitu cha mbali kuliko vyote vilivotengenezwa na binadamu, ishara yake yachukua zaidi ya saa 22 kutufikia kwa kasi ya mwanga. Ubavuni imebeba sahani ya shaba ilopakwa dhahabu, ina salamu za lugha 55 endapo kuna viumbe wataiokota. Nimeipitia orodha nzima usiku wa jana. Kigujarati kimo. Kiarabu kimo. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Lugha zilokufa miaka elfu kadhaa, Kisumeri, zimo.

Kiswahili hakimo.

Bi Kashata

Haiwezekani.

Nahodha wa Nchi Kavu

Wallahi.

Fundi Simu Kongowea

Mganda kaingia sisi tumebaki nje ya geti 😭😭 hapo jirani yangu wa dukani Mgujarati nisimwambie, atanipandisha bei ya skrini.

Sijashawishika

Hii sasa ndo nimeanza kuamini maana mtu anayetunga uongo angetuweka.

Bi Kashata

😂 Kashawishika!

Sijashawishika

Nusu. Ya mwezi bado.

Ami wa Kibokoni

Samahani kufufua uzi, nlisema nitarudi na ripoti. Shule zilipofunga nilimchukua yule mpwa nikampeleka Ngomeni, matatu mpaka Malindi, kisha nyingine, kisha bodaboda tukapita yale mashamba ya chumvi meupe mpaka macho yauma. Nahodha wa mashua alitaka pesa ya kutupeleka karibu, nikiuliza bei nikaona bora tukae ufuoni.

Majukwaa yapo, yameshika kutu. Kutoka ufuoni yaonekana madogo, kama meza ya mgahawa ilosahauliwa mvuani. Mtoto alikuwa na zile lenzi za babake za kuangalia mpira akawa anahesabu miguu, apoteza hesabu, aanza upya. Tulifika maji yashapwa sana. Kwenye miguu kuna mstari, juu kutu nyekundu, chini kweusi kwa mwani na chaza, mnyoofu kama umepigwa rula, kote urefu mmoja. Akaniuliza nani kapaka. Nikamwambia angoje, tukala samaki, tukalala kidogo chini ya mwarobaini, alasiri akatazama tena lenzi, maji yakawa yanapanda yanaukaribia ule mstari. Akasema, ah, ni mwezi. Kimya mpaka Malindi, na mnajua kwake hiyo si kawaida.

Kazi yake ya Kiswahili ameandika Zohali. Mwalimu wake kakata maksi moja.

Mvuvi Mtongwe

Mlikwenda mwezi ngapi mwandamo? Kama maji hayakufika kwenye mstari basi hiyo haikuwa bamvua kubwa. Bamvua kubwa hasa za mwaka ni za mwezi wa tatu na wa tisa. Mrudishe Machi, mwezi mpevu, aone mstari wote unavofunikwa. Na mashua muulizie ya mvuvi, si ya watalii, bei itashuka.